Kompyuta ya Kumi

Wiki iliyopita niliwaacha mmeinama pamoja nami juu ya ujumbe mmoja wa mstari mmoja, na tangu hapo barua zenu hazikauki mezani kwa mhariri. Mnauliza kama kweli nilikuwa mjinga kiasi hicho. Nilikuwa. Nimeshavua nguo, acha nioge.

Aliyechelewa nimpe kwa ufupi. Naitwa Prayitno, wa mtaa wa Kenanga, mji wa Tulungagung. Nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya mbegu. Siku waliponunua mashine mpya walinipa mkono wa kwaheri pamoja na kompyuta kumi na moja kuukuu, zile zenye kisogo kikubwa nyuma ya kioo. Mbili zilikuwa mizoga. Tisa nilizifufua.

Mimi na Kasdi, muuza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, rafiki yangu tangu utoto, tulizifunga katika nyumba tisa za mtaa, yangu ikiwa mojawapo. Tukavuta waya juu ya mapaa mpaka sebuleni kwangu, zote zikaingia intaneti kwa laini moja ya simu. Siku ya kuziwasha tulipika wali wa manjano, na imamu akaziombea dua mashine kama watoto wanaotoka jando.

Yote hayo kwa sababu nusu ya akina mama wa mtaa wetu wako Hong Kong na Taiwan, wanalea watoto wa watu. Jumapili ndiyo siku yao ya mapumziko. Basi Jumapili asubuhi watoto wanaogeshwa, wanapakwa poda, wanapanga foleni kwangu mbele ya kamera moja, na kila mmoja anamwona mama yake robo saa.

Kila mwanamume wa mtaa alimwona mke wake. Mimi niliyewaunganisha, sikumwona wangu. Miezi minne Murti hakutokea kwenye kamera. Alituma neno tu kwamba mwajiri wake amemnyima Jumapili, niwe na subira.

Nikawa na subira mpaka siku kompyuta ya Kasdi ilipoanza kwenda kwa kuchechemea. Nikaifungua nikiwa kwangu, kupitia mtandao, nitazame imejaa nini. Nilikuwa naweza kuingia kwenye kompyuta yoyote ya mtaa, maana zile kongwe hazielewani na zile zenye umri mdogo kidogo ukiweka neno la siri. Ili zisalimiane nilikuwa nimeacha milango yote wazi.

Humo ndani ya kompyuta ya Kasdi nikakuta faili la maneno, lile linalohifadhi yanayoandikiwa na watu. Mstari wa mwisho ulisema: "Murti: Asijue kwanza. Jumapili saa nne kama kawaida."

Hapo ndipo tulipoachana.

Sikuvaa hata ndala. Nilitoka mbio kuelekea kwa Kasdi, jua la saa saba linawaka, nikamkuta uani anakaanga tempe. Alinitazama akafurahi, na furaha yake ile ilinichoma.

"Karibu, Prayit. Kaa hapo penye kivuli. Yatmi! Mletee shemeji yako kahawa."

"Kahawa kunywa mwenyewe. Toka hapo kwenye karai."

"Kuna nini tena?"

"Unaandikiana nini na mke wangu?"

Mafuta yakaendelea kuchemka. Kasdi akageuza kipande kimoja cha tempe, akageuza cha pili. Kwetu mtu akishikwa hakatai wala hakubali, anatabasamu tu. Kasdi akatabasamu.

Tabasamu hilo ndilo lililonipandisha. Nikaupiga teke ungo uliokuwa na tempe ya kupeleka sokoni, ikatawanyika uwanja mzima mpaka chini ya banda la bata.

"Miaka thelathini na mbili, Kasdi! Tumetiwa jandoni siku moja, tumelia pamoja! Waya ulio nyumbani mwako nimeuvuta mimi, kwa mikono hii! Nimeanguka kwenye paa lako nikavunjika vidole viwili!"

"Najua."

"Unajua! Na mke wangu naye unamjua vipi?"

"Sijamgusa mkeo, ndugu yangu."

"Nani kakuuliza kama umemgusa? Yuko Hong Kong, utamgusa na nini?"

Kasdi akainamia karai. Akashusha moto. Nikasema moyoni, huyu ana lake.

Mkewe, Yatmi, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akatazama tempe iliyojaa vumbi. Akatutazama sisi. Kisha akacheka, kicheko cha mtu asiyefurahi.

"Shemeji, unamsingizia huyu? Huyu hapa? Anaandika kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa. Kuandika salamu tu inamchukua mpaka adhuhuri. Tena Murti ana macho, shemeji. Angetaka mwanamume wa kuiba asingechukua anayenuka mafuta."

"Kwa hiyo nani anaandika?"

"Yatmi, nyamaza," Kasdi akasema.

"Sinyamazi. Nimechoka. Kila siku natabasamu mpaka mashavu yanauma. Shemeji, kamuulize binti yako anakuja kufanya nini hapa kila Jumapili saa nne, wakati wewe uko bize na kamera yako na foleni yako ya poda."

"Wening? Wening anakuja kufanya hesabu za shule. Nyinyi wenyewe mliniambia."

"Hesabu gani za Jumapili hizo, shemeji?"

Binti yangu. Nikaushika mlango wa jikoni.

"Mnajua nyinyi wawili tu?"

Yatmi akaanza kuokota tempe, moja moja, akiipuliza vumbi. Hakuniangalia.

"Mtaa mzima unajua, shemeji. Ila tulikuwa tunakuonea haya."

Sikilizeni niwaambie. Kwetu habari mbaya mtu haambiwi usoni. Unamzunguka. Unampa kahawa, unamsifia kuku wake, unamuuliza habari za mgongo. Tunaita adabu, na tunaringa nayo mbele ya watu wa miji mikubwa tunaowaona washenzi. Siku ile, nikiwa peku katika uwanja wa Kasdi, niliiita kwa jina lake la kweli, usaliti.

Nikarudi nyumbani kwa miguu iliyoungua. Mzee Tamsir wa msikitini akanisimamisha.

"Prayitno, umeshakula?"

Mama Sugeng wa dukani akachungulia. "Baba Wening, umeshakula? Kuna mchuzi wa fenesi hapa, chukua."

Mwezi mzima watu walikuwa wananiuliza kama nimeshakula. Nilidhani wananipenda.

Nyumbani nilimkuta Wening anapiga pasi sare ya shule. Ana miaka kumi na mitano, na akiwa na hofu anauma shavu kwa ndani kama mama yake. Aliponiona tu akauma shavu.

"Wening, mama yako anakuandikia nini kwa Kasdi?"

Akaiacha pasi juu ya sare. Moshi ukaanza kutoka. Nikaiinua mimi.

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Siwezi, baba. Niliapa."

"Umeapa nini? Umeapa kwa nani?"

"Mimi hata sijui yuko wapi sasa hivi. Ananiandikia tu. Ananiuliza nimekula nini, nimepata ngapi shuleni. Nikimwambia tuwashe kamera anasema hataki. Anauliza habari zako, baba. Kila mara anauliza."

"Anauliza nini?"

"Kama unalala vizuri."

Sikujua kama nilie au nipasue kitu. Nikapaza sauti, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtoto huyo. "Nani kakuapisha?"

"Mwache mtoto," sauti ikatoka jikoni. "Ni mimi."

Mama yangu mzazi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake anamenya vitunguu, na hakuacha kumenya. Mama ana miaka sabini na moja. Alinilea kwa kuuza majani ya ndizi. Kama kuna mtu mmoja ambaye ningemtilia dhamana mbele ya Mungu, ni yeye.

"Mama, wewe?"

"Kaa chini kwanza."

"Sikai!"

"Basi simama, utachoka mwenyewe. Murti anataka talaka."

Alilisema kama mtu anayekuambia chumvi imekwisha. Wening akakimbilia chumbani.

"Aliniambia mimi kwa sababu mimi ni mwanamke mwenzake," mama akaendelea. "Nikamwambia usimwambie sasa. Ametoka kufukuzwa kazi, presha inampanda, atatufia. Nikamwomba Kasdi, nikamwomba imamu, nikawaomba majirani. Wote wakakubali, ni watu wema."

"Watu wema! Ana mwanamume mwingine?"

"Sijui."

"Mama!"

"Nimesema sijui. Tulisema tungoje Idd ifike. Siku ile tukishikana mikono na kusameheana wote, ungeambiwa."

Mnasikia? Walikuwa wananitunzia usaliti mpaka siku ya kusameheana, ili nikiupokea niwe nimeshatoa msamaha. Mkono wangu ungekuwa bado uko kwenye mkono wa Kasdi. Mtaa mzima ulikuwa umepanga hivyo, kwa adabu.

Nililia. Nawaambia wazi, mwanamume wa miaka arobaini na miwili, nililia nimeegemea jokofu. Mashine zile sikuzifufua kwa ajili ya mtaa. Mtaa ulikuwa kisingizio. Nilitaka nimwone mke wangu, basi. Nilitaka nione kama bado anasuka nywele upande mmoja.

Jumatatu asubuhi niliamka na roho mbaya. Wening alikwenda shule bila kuniaga. Kasdi alikuwa ameshapita na baiskeli yake kwenda sokoni, nilimsikia kengele, na safari hii hakuita.

Nikachukua koleo.

Nitakata zote, nikasema. Kama mimi sina mke, hakuna atakayemwona wa kwake. Watoto wapake poda wakaiangalie kwenye kioo cha ukutani. Ndiyo, nilikuwa tayari kuwanyima watoto wadogo mama zao. Andikeni barua zenu, nastahili.

Sebuleni kwangu, juu ya kabati, ndipo inapokaa switchi ya mtandao, kisanduku chenye matundu kumi na sita, na kila tundu lina taa yake ndogo ya kijani. Waya wa kila nyumba unaingia hapo. Wa Kasdi ni tundu la nne. Niliushika, nikaweka koleo.

Kisha nikajizuia. Nilitaka kwanza nilichukue lile faili la maneno, liwe ushahidi, nimtupie kadhi mezani. Nikakaa kwenye kompyuta yangu, nikalifungua tena faili la Kasdi, na safari hii nililisoma kuanzia juu.

Juu ya faili palikuwa na jina la programu iliyoliandika.

Nikalisoma mara tatu.

Mtaani tunazungumza kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ya kamera, inayopita kwenye simu na kuvuka bahari mpaka Hong Kong. Ya pili ni programu ndogo niliyoweka ya kuandikiana wenyewe kwa wenyewe, ili akina mama waombane pilipili bila kutoka nje na mvua. Hiyo ya pili haijui simu. Haijui bahari. Inafika pale waya wangu unapofika, hapo inakoma.

Na faili lenye maneno ya Murti lilikuwa la programu ya pili.

Hasira ilikuwa imenisahaulisha kazi yangu mwenyewe. Jana nililiona jina la mke wangu nikakimbia. Fundi mzima, sikutazama limepita wapi.

Nikafungua orodha ya kompyuta zilizowashwa mtaani. Huwa zinajipanga zenyewe kwa majina niliyozipa: Kasdi, Tamsir, Sugeng, na wengine, na yangu. Tisa.

Zilikuwa kumi.

Ya kumi haikuwa na jina la mtu. Ilikuwa na zile herufi na tarakimu ambazo mashine hujiita yenyewe kama hakuna aliyejisumbua kuipa jina. Nikaitumia neno la majaribio, kama tunavyofanya mafundi, unatuma neno dogo na kungoja lirudi. Likirudi kutoka Hong Kong unapata muda wa kupiga chafya. Hili lilirudi kabla sijapepesa jicho.

Nikasimama. Nikachomoa waya wa Kasdi kutoka tundu la nne. Kwenye orodha kompyuta ya Kasdi ikapotea, na ya kumi ikapotea nayo. Nikarudisha waya. Zikarudi zote mbili, pamoja, kama watu wanaoishi nyumba moja.

Hapo nikayaunga. Mwezi wa tatu Kasdi aliniomba switchi ndogo ya matundu matano, akasema ni ya mashine ya kuchapia. Kasdi hana mashine ya kuchapia. Akaniomba pia ile mizoga miwili ya kompyuta, atoe vipuri. Nilimpa. Nikamfundisha na jinsi ya kubana vichwa vya waya, rangi ipi inatangulia na ipi inafuata, nikamsifu kwamba ana mkono mwepesi. Mwanafunzi wangu alifaulu, mizoga miwili ikatoa kompyuta moja hai.

Na waya wa mtandao, ndugu zangu, una mwisho wake. Ukizidi mita mia moja maneno yanapotea njiani.

Mke wangu alikuwa ndani ya mita mia moja kutoka kwenye karai la Kasdi.

Nilikaa chini. Hong Kong hayupo. Karudi lini? Ndege ipi? Nani alimpokea? Ndani ya mita hizo kuna nyumba labda arobaini, kuna ya mkunga, kuna ya imamu, kuna mashine ya zamani ya kukobolea mpunga. Ningeweza kupanda juu ya mapaa nikafuata waya. Lakini mtaa ule una macho, na macho yote hayo yalikuwa yameshaniuliza kama nimekula.

Sasa nakiri la kwangu.

Katika ile programu ya kuandikiana, jina lako ni lile unaloliandika mwenyewe kwenye kijisanduku. Ukilifuta ukaandika jingine, mtandao unakuamini. Nilijua udhaifu huo tangu siku ya kwanza. Sikuwaambia majirani, maana nani kwetu angejiita jina la mwenzake?

Nikafuta Prayitno. Nikaandika Kasdi.

Nikaichagua kompyuta ya kumi. Nikaandika polepole, kwa kidole kimoja, kama yeye.

"Shemeji, kuna kinachohitajika leo?"

Taa ya tundu la nne ikapepesa. Haikuchukua muda.

"Umewahi leo kaka. Ni maziwa ya mtoto tu. Yamebaki vijiko viwili, na mimi yangu hayatoki."

Nilisoma hilo nikasikia masikio yanavuma. Mtoto. Maziwa yangu hayatoki. Idd iliyopita Murti alikuja likizo, siku kumi na mbili, kisha akarudi kwa mwajiri wake. Nikahesabu miezi kwa vidole. Nikafika kidole cha kumi, nikaogopa kuanza upya.

Mtu mwenye akili angeendelea kuwa Kasdi. Angeuliza ni maziwa ya kopo gani, apelekewe wapi. Angeipata nyumba kwa swali moja tu. Mimi vidole viliandika kilichokuwa moyoni.

"Mtoto wa nani?"

Nikabonyeza kabla sijajizuia.

Taa haikupepesa. Nilisikia saa ya ukutani. Nilimsikia muuza supu anapita na kugonga bakuli lake kwa kijiko, akafika kona, akapotea. Nilitaka kuandika jambo jingine, nicheke, niseme nilikuwa natania. Kasdi hatanii.

Kisha likaja.

"Kaka Kasdi hawezi kuniuliza hivyo. Yeye ndiye aliyemsomea adhana sikioni."

Nilishika ukingo wa meza. Adhana ya sikioni ni kazi ya baba. Baba akiwepo hakuna mwingine anayeisoma. Wening alipozaliwa niliisoma mimi, nikakosea mahali pawili, mkunga akanicheka. Na huyu amesomewa na Kasdi, mtaani humu humu, labda nikiwa juu ya paa naimba na waya begani.

Ama alisoma kwa sababu ni wake. Ama alisoma kwa sababu mwenye mtoto alifichwa. Kote huko nilikuwa nimesalitiwa, ila sikujua na nani.

Taa ikapepesa tena.

"Baba Wening, ni wewe?"

Kabla sijaamua niandike nini, likaja jingine.

"Kama ni wewe, muulize mama yako kwa nini hukuitwa."

Nikasikia kandambili nyuma yangu. Mama alikuwa amesimama na glasi ya kahawa mkononi, akitazama kioo cha kompyuta. Mama hajui kusoma. Lakini alitazama uso wangu, akatazama yale maandishi, akajua si ya kuombana pilipili.

"Kinasema nini hicho?" akauliza.

Nikamsomea. Yote, kuanzia maziwa. Nilisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama namsomea barua ya serikali.

Nilingoja alie. Nilingoja aape, au anishike miguu, au aseme ni uongo wa Murti. Mama akaweka glasi mezani. Akatembea mpaka mlangoni, akachungulia mtaa upande huu na upande ule, akafunga mlango kwa komeo.

"Na wewe sasa nijibu," akasema. "Hapa hakuna mtu. Zile siku kumi na mbili za Idd, wewe na Murti mlilala chumba kimoja?"

Ndugu wasomaji, katika sehemu ya pili niliwasimulia kwamba siku zile tuliishi kama maharusi. Mkaniandikia kunipongeza, na mmoja wenu akanitungia na shairi. Haikuwa hivyo, hatukulala chumba kimoja hata usiku mmoja. Na mama yangu alikuwa chumba cha pili siku zote hizo, na masikio yake hayana tatizo lolote.